Babu aliyeozesha mihogo, na goti la mama: mwende Amani kwa njia ipi?

"Mama yangu ana miaka 71. Alizaliwa kwenye kota za wafanyakazi kule Amani, Muheza, akaondoka akiwa na miaka sita na hajarudi tena. Desemba hii tunataka kumpeleka, pamoja na kaka yangu na watoto wangu wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 13. Goti lake la kulia humsumbua, hasa akishuka ngazi. Nasikia Amani ni milima ya kupanda kwa miguu, je, ataweza? Kaka anasema hatuhitaji mwongozaji, ramani ya simu inatosha. Yeye pia anataka kubeba mashine ya kupimia madini, eti Wajerumani waliacha mali. Halafu wanasema juu mlimani hakuna malaria, ni kweli? Watoto nao wataona nini zaidi ya miti? La mwisho ni la kuchekesha: babu, aliyefanya kazi Amani tangu vita vya Hitler, alikuwa akimwambia mama kwamba kazi yake ni kuozesha mihogo. Hatujawahi kujua alimaanisha nini."

Dada, kwanza shikamoo zangu zimfikie mama. Umeuliza mambo mengi, na mtu mwingine angeanza na goti. Mimi nitaanza na mihogo, kwa sababu ukishajua babu alikuwa anafanya nini pale Amani, utaona kwamba mahali mama anapotaka kufika si kileleni. Hapo swali la goti linabadilika.

Babu hakuwa anatania. Wala hakuwa anavundika mihogo mpaka ioze, kama ninavyohisi mlimwelewa. Ni kuozesha kwa maana ya kuozesha binti. Alikuwa akifunga ndoa za mihogo.

Muhogo tunaupanda kwa pingili. Unakata shina, unachomeka, na kinachoota ni mmea ule ule uliokatwa, pamoja na tabia zake na, kwa bahati mbaya, magonjwa yake. Ukanda wa Tanga ulikuwa na ugonjwa ambao leo wakulima wanauita batobato: majani hupata mabaka ya njano, hujikunja, mmea hudumaa, na siku ya kung'oa unakuta mizizi kama vidole. Maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya ugonjwa huo yaliandikwa mwaka 1894, na yalihusu mihogo ya huku kwetu. Ukipanda pingili za mmea mgonjwa, umepanda ugonjwa, na nzi weupe watamalizia kuusambaza. Ili upate muhogo mpya wenye kuhimili, lazima upitie kwenye ua na mbegu, njia ambayo mkulima wa kawaida hana sababu ya kuihangaikia.

Na ua la muhogo lina adabu zake. Shada moja hubeba maua ya kike na ya kiume, lakini ya kike hufunguka kwanza, ya kiume yakafuata wiki moja au mbili baadaye. Anayetaka kuchagua mchumba huchukua chavua kutoka mmea mmoja, akaipaka kwenye ua la kike la mmea mwingine, kisha akalifunika kwa kifuko cha kitambaa ili mdudu asilete bwana wa pili. Kifuko kina kazi tena mwishoni, maana tunda likikauka hupasuka lenyewe na kurusha mbegu mbali, na mbegu zenyewe ni tatu tu. Kuposa, kuoza, kumweka mwari ndani mpaka siku yake: mzee yeyote wa Kisambaa au Kibondei angeiona arusi hapo. Sijakutana na neno zuri kuliko hilo la babu kwa kazi ile, hata vitabuni.

Bwana arusi naye ana kisa chake. Unakijua kisamvu cha mpira, kile kinachochumwa kwenye miti mirefu ya uani huko Tanga? Mti ule ni nduguye muhogo kutoka Brazili. Wajerumani waliujaza kwenye mashamba ya Tanga kwa ajili ya utomvu, wakitarajia utajiri wa mpira. Mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu mpira wa mashamba ya Asia ulifurika sokoni, na biashara ile ikafa. Miti ikabaki. Miaka ya 1930, wakati wa Mwingereza, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aitwaye H. H. Storey na wenzake pale Amani wakaona kwamba mti ule unastahimili yale yanayoangusha mihogo. Wakaanza kuuoza kwa muhogo. Watoto wa kwanza wa ndoa hizo walikuwa wagumu kwa ugonjwa lakini hawana mizizi ya kula, kwa hiyo iliwabidi waozwe tena kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka ladha na mizizi virudi bila ukinzani kupotea. Miaka ya 1950 mbegu za uzao wa Amani zilipelekwa Nigeria, na zikawa miongoni mwa mababu wa mihogo iliyozalishwa baadaye na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto pale Ibadan, ambayo imeenea nchi nyingi za Afrika.

Kwa hiyo kazi aliyoitaja babu yenu ilikuwepo, mahali hapo hapo, miaka hiyo hiyo. Majina yaliyoingia kwenye ripoti ni ya mabwana. Wa kufunga vifuko hawakuandikwa.

Ndiyo maana nasema msiende Amani kama watu wanaokwenda kuona pori. Wengi hufika pale wakidhani ni Mikumi yenye miti mirefu: hakuna tembo, hakuna simba, na wakishatembea saa mbili bila kuona mnyama mkubwa wanaanza kuuliza nauli yao imeliwa na nini. Wengine wanadhani ni msitu ambao haujaguswa tangu Mungu aumbe dunia. Upo msitu wa asili, na ni wa ajabu, lakini sehemu kubwa ya mtakachopita karibu na nyumba za Amani ni bustani ya majaribio. Serikali ya Kijerumani iliianzisha taasisi ile mwaka 1902, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann, na haikuwa kwa ajili ya kupendezesha mlima. Walowezi walikuwa wakihangaika kupata zao litakalolipa. Mkonge ulikuwa umeshaingizwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, kahawa ya Usambara ilikuwa ikiwaangusha, na serikali ilitaka mahali pa kujaribu kila kitu: mdalasini, iliki, kafuri, mpira, mvinje, mianzi, na mti wa kwinini ambao gome lake ndilo lililokuwa dawa ya malaria. Shamba lile, la hekta kama 300, lilishuka kutoka Amani kwenye mita 900 na zaidi juu ya bahari mpaka bonde la Zigi, kwa makusudi, ili mti mmoja ujaribiwe kwenye baridi na kwenye joto.

Na lililimwa na nani? Kodi ya nyumba, rupia 3, ilianza kudaiwa mwaka 1898. Mtu asiye na rupia alilazimika kwenda zinakopatikana, na zilipatikana kwa mzungu. Watoto waelezwe na hili, wana umri wa kulielewa.

Mwingereza alipoteka Amani mwaka 1916, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, aliendelea na utafiti wa kilimo mpaka mwaka 1948, shughuli zilipohamishiwa Muguga, Kenya, ingawa ndoa za mihogo ziliendelea Amani kwa miaka kadhaa zaidi. Kisha wakaja watu wa malaria. Mama yenu alizaliwa katikati ya kipindi hicho. Mpango mkubwa wa kupuliza dawa majumbani kule Upare na Taveta, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, uliongozwa kutoka hapo. Majengo yao baadaye yakawa ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa mwaka 1979. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, zaidi ya hekta 8,000, na leo unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Sasa goti. Umesema linamsumbua akishuka ngazi, na sentensi hiyo imeniambia zaidi ya umri wake. Watu huogopa kupanda. Kupanda kunachosha pumzi, lakini ukichoka unasimama, na goti halina ugomvi mkubwa na kupanda. Kushuka ndiko kunakoumiza. Kila hatua ya kushuka, mwili mzima unaangukia mguu mmoja ulioinama, na misuli ya paja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku inakaza. Kifupa cha mbele ya goti hugandamizwa kwa nguvu ambayo ni mara kadhaa ya uzito wa mtu. Kijana anaamka siku ya pili mapaja yanauma, basi. Mtu mwenye gegedu iliyokwisha huvimba goti, na jioni hawezi kukaa wala kusimama. Ongeza na ardhi ya Amani, udongo mwekundu wa mfinyanzi uliofunikwa majani: juu unaona zulia, chini ni sabuni.

Kwa hiyo njia ambayo singempitisha mama kabisa ni ile ya kushuka kwa miguu kutoka Amani kwenda Zigi, karibu mita 500 za mteremko. Watu huwashauri wazee wakisema "ni kushuka tu". Msikubali.

Gari lipande naye mpaka juu. Barabara ya kutoka Muheza ni zaidi ya kilomita 30, na sehemu ya mwisho ni kona na milima, kwa hiyo gari liwe la juu kidogo na dereva awe anaijua. Pale juu kuna barabara za zamani kati ya nyumba, bustani na kota, na mtu anaweza kutembea humo saa nzima bila mteremko mkali. Na huko ndiko mama alikozaliwa. Mpeni fimbo mbili, si moja, ziwe za kumfikia kwenye kiwiko au chini yake kidogo, na kwenye mteremko mdogo atangulize fimbo kabla ya mguu. Hatua ziwe fupi, akate njia mshazari badala ya kushuka wima. Viatu viwe vyenye meno. Raba za kanisani zitamwangusha. Kama kuna kilima mnataka kupanda, kile cha Mbomole kina sehemu nzuri ya kutazamia, lakini hicho ni cha kaka na watoto. Mama abaki chini na chupa ya chai, na msimwonee huruma. Huenda akakutana na mtu wa rika lake, mkarudi mkakuta anacheka.

Kama goti huwa linavimba, linakwama katikati ya hatua, au linamlegea ghafla bila onyo, msiende kwanza. Hilo si la kujibiwa kwa maandishi. Daktari wa mifupa, au hata mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini kwenu, alikamate kwa mikono yake na aone. Akipata wiki sita za mazoezi ya kuimarisha paja kabla ya safari atakuwa na hali tofauti. Mkanda wa goti unaouzwa dukani unampa mtu ujasiri zaidi kuliko nguvu, kwa hiyo usiwe ndio maandalizi yenu yote. Na dawa za kupunguza maumivu asimeze tu ili amudu kutembea, hasa kama ana presha au figo. Amuulize daktari wake siku hiyo hiyo.

Kuhusu kaka na mashine yake, naomba umsomee sehemu hii kwa upole, maana najua imani hii ilivyo. Tanga nzima, palipo na jengo la Mjerumani pana mtu aliyechimba chini yake usiku. Hoja ni ile ile: walikimbia ghafla, wakazika dhahabu, wakaweka alama. Tuitazame Amani yenyewe. Wataalamu wa pale hawakukimbia usiku. Waingereza walipofika mwaka 1916 waliwakuta baadhi yao kazini, na mkurugenzi wao, Zimmermann, aliendelea kuwepo kwa miaka kadhaa chini ya Mwingereza. Dhahabu ya vita ilikuwepo kweli, ila ilikuwa upande mwingine wa nchi. Ilitoka mgodi wa Sekenke na kugongwa sarafu Tabora mwaka 1916, za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli. Hazikupita Usambara. Kilichotoka Amani wakati wa vita ile ni kwinini, sabuni, mishumaa na vitu vya namna hiyo, kwa kuwa manuwari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilihitaji kujitegemea. Ukichimba utapata chupa.

Alama nazo zina maelezo. Vile vigingi vya zege vyenye msalaba au namba ni vya wapima ardhi, vinaonyesha mpaka. Vibao na namba kwenye miti ni vya bustani au vya utafiti, na ukivisogeza umeharibu kumbukumbu ya watu wa miaka mingi. Na kuchimba ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Askari wa hifadhi akikuta mashine kwenye buti hatauliza kama mlikuja na mama. Iacheni nyumbani.

Mwongozaji? Mchukueni. Simu hupoteza mtandao mabondeni, lakini si hilo tu. Msitu ule una vijia vya wachuma chai, vya wanaookota kuni, vya wanafunzi, na vyote vinafanana na njia yenu. Ukungu ukishuka saa tisa alasiri hamtaona mita 20 mbele. Tena mwongozaji wa kijiji ndiye atakayewaonyesha kwamba ile miti mirefu iliyonyooka mnayoisifia ni wageni waliozidi wenyeji. Ule ni mesopsisi, Waganda wanauita musizi. Ulipandwa kwa ajili ya mbao, na wakataji walipofungua mianya msituni ukaingia. Hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu kila mahali, kwa hiyo hakuna wa kuulaumu isipokuwa ndege. Ramani ya simu haijui hayo. Mnalipia kwenye ofisi ya hifadhi pale Zigi au Amani kwa kontroli namba. Bebeni vitambulisho vya taifa ili mtozwe kiwango cha wananchi, na pigeni simu kabla ili muulize bei ya sasa, hali ya barabara, na nafasi kwenye nyumba za wageni za hifadhi.

Watoto nitawapa kazi ya kutafuta badala ya kutembezwa. Wa miaka 9 atafute kinyonga mwenye pembe. Yuko mmoja wa Usambara Mashariki aliyepewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wadudu na wanyama aliyekuwa Amani enzi za Wajerumani. Usiku kwa tochi wanaonekana vizuri zaidi kuliko mchana, kwa sababu rangi yao hupauka wakilala. Wa miaka 13 atafute ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa Usambara, alituma mbegu zake Ujerumani, na leo ua hilo linauzwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani nzima. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Wendland, alilipa jina la mtawala huyo, Saintpaulia. Msiling'oe; porini limebaki kwa mashaka, na nyumbani Dar litakufa kabla ya Jumapili. Zigi, mkipita, simameni kwenye jengo la kituo cha zamani cha reli. Kulikuwa na reli nyembamba kutoka Tengeni, kilomita kama 23, iliyojengwa kwa ajili ya kushusha magogo. Reli imeng'olewa, nyumba ipo.

Suruali ziingizwe ndani ya soksi, na wafundisheni watoto kuangalia chini kabla ya kusimama. Sio nyoka ninaowaza kwanza, ni siafu. Nyoka wapo, wakiwemo wenye sumu kali, lakini hukimbia vishindo; mtoto asitie mkono kwenye shimo wala chini ya gogo. Mtu akiumwa, msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Mguu utulizwe usitikisike, gari liwashwe, mwende hospitali ya Muheza.

Malaria sasa. Anayesema mlimani hakuna mbu amechanganya vitu viwili. Mbu wapo. Kinachopungua ni uwezo wao wa kuambukiza. Mdudu wa malaria akiingia kwenye mbu anahitaji kukomaa humo kabla ya kumfikia mtu mwingine, na ukomavu huo unategemea joto. Kwenye nyuzi 25 huchukua siku kama 12. Kwenye nyuzi 20 hukaribia mwezi, na mbu wengi hawaishi muda huo. Chini kidogo ya hapo hukwama kabisa. Ndiyo maana taasisi za wakoloni zilipenda milima. Lakini Amani si baridi ya kutosha kufuta hatari, inaipunguza tu, na ninyi mtalala Tanga au Muheza njiani, tambarare kabisa, ambako malaria ni ya siku zote. Chandarua kila usiku, nguo za mikono mirefu jioni. Na mwezi mzima baada ya kurudi, homa yoyote ya mtoto au ya mama ipelekwe kituo cha afya ipimwe siku hiyo hiyo, na mseme mlikuwa Muheza. Msimpe mtu dawa mseto kwa kukisia, na msisubiri eti ni mafua ya ukungu.

Desemba ningeifikiria upya. Milima ile iko karibu na bahari; upepo wenye unyevu ukigonga mteremko hulazimika kupanda, ukipanda unapoa, na ukipoa unaangusha maji. Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na karibu kila mwezi una mvua yake. Masika ya Machi mpaka Mei hatuizungumzi. Vuli huanza Oktoba na Desemba mara nyingi bado ipo, njia ni matope na gari linaweza kuwagomea mlimani. Januari na Februari ni pakavu zaidi lakini shule zimefungua. Likizo ya Juni ina baridi na ukungu, mama atahitaji sweta na kitenge cha mabegani, ila ardhi huwa imeanza kushika. Kwa goti lile, mimi ningengoja Juni. Kama ni lazima iwe Desemba, basi wekeni siku mbili za ziada ili msilazimike kutembea siku ya mvua, na mteremko hata mdogo ufutwe kabisa kwenye ratiba yake.

Miezi hiyo ya kusubiri itumieni kwa kitu kimoja. Kaeni na mama mumuulize babu aliandikishwa kazini kwa jina gani. Wazee wengi wa Muheza walikuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo wa misheni ya Magila au la chuoni, na jina ambalo karani aliliandika kwa alivyosikia. Muulize pia kama kuna kipande chake cha kazi, barua, au picha yoyote sandukuni, na kota yao ilikuwa upande gani: karibu na shule, na soko, au na mto. Hayo mpelekeeni mwongozaji kwenye simu kabla hamjafunga safari, sio siku ya kufika, ili apate muda wa kuuliza nyumba za wazee. Akipatikana hata mmoja anayewakumbuka watu wa vifuko, mpangeni awe wa kwanza kabisa kutembelewa, asubuhi, kabla mama hajachoka.